Tunamcheka mnene, tunamsahau mwenye kitambi

Mwaka jana nilialikwa na shule moja ya upili, ambayo sitaitaja jina, kuzungumza na walimu wa Kiswahili juu ya ufundishaji wa sarufi. Kabla ya zamu yangu kuwadia, alipewa nafasi muuguzi mmoja aliyekuja kuwaeleza walimu habari za ugonjwa wa kisukari. Alizungumza vizuri, tena kwa Kiswahili kilichotakata kuliko cha baadhi yetu tunaolala na kamusi kitandani. Lakini alipofika kwenye swali la nani aliye hatarini, alinyosha mkono kuelekea viti vya nyuma, walikoketi walimu watatu wa kike waliojaaliwa miili. "Ninyi akina mama," akasema, "ndio ninaowaomba msiondoke leo bila ya kupimwa." Watu wakaangua kicheko.

Miongoni mwa waliocheka zaidi alikuwa mwalimu mmoja tuliyesoma naye chuoni. Ni mtu wa miguu myembamba na mashavu yaliyobonyea, ila vifungo vya shati lake vilivyo karibu na kitovu vilikuwa vimekaza uzi kama kamba za hema. Akajipiga tumbo kwa kiganja, akaniambia, "Daktari, hiki changu si unene. Hiki ni kitambi, na kitambi ni cheo." Tukacheka tena, na ninakiri kwa aibu kwamba nami nilicheka. Yeye hakupimwa. Wale akina mama walipimwa wote watatu, na sukari yao ikapatikana kuwa sawa.

Miezi saba baadaye mwenzangu huyo alilazwa hospitalini kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Damu yake ilipopimwa ndipo ilipodhihirika kwamba alikuwa na kisukari, na kwamba yamkini alikuwa ameishi nacho kwa miaka kadhaa. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Ninayaandika haya kwa idhini yake. Nilipomwomba alisema, "Andika, ila jina langu uniachie mwenyewe."

Sasa mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa isimu, na haujawahi kumponya mtu hata kuumwa na kichwa. Pengine umewaumiza wanafunzi kadhaa vichwa. Lakini neno alilolisema mwenzangu kwa mzaha limenikaa moyoni tangu siku ile, kwa kuwa nilipoanza kusoma yaliyoandikwa na wajuzi wa maradhi haya niligundua kwamba alikuwa amesema kweli tupu. Kitambi si unene. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kwa sababu hiyo yeye amesalimika.

Hebu tulitazame neno lenyewe kwanza, maana hapo ndipo penye kazi yangu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, mtu mnene na mtu mwenye kitambi si mtu mmoja. Unene huenea: tunasema fulani amenenepa, amepata mwili, amejaa, na kila mara tunakusudia mwili mzima, mashavu na mikono na nyonga na mapaja. Kitambi huota mahali pamoja. Tena huwa tunasema mtu amefuga kitambi, kama mtu afugavyo ndevu. Ukisema, "Jirani yangu ni mwembamba lakini ana kitambi," hakuna atakayekuuliza inawezekanaje. Na ingawa sarufi haikatazi, mara nyingi neno hilo tunalitumia kwa wanaume. Mwanamke tunamwita mnene, mwanamume tunasema ana kitambi.

Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Kamusi za Kiswahili, za zamani na za karibuni, hazilipi neno kitambi maana ya tumbo lililotokeza peke yake. Kitambi ni kipande cha nguo, kama kile cha kujifunga kiunoni au cha kupiga kilemba. Na kitambi pia ni ule utando wa mafuta uliotandazwa juu ya matumbo ya mnyama. Mwulize mchinjaji yeyote. Akipasua tumbo la mbuzi aliyenona, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni pazia jeupe la mafuta, lenye vitundu kama kimia, limefunika utumbo wote. Pazia hilo binadamu naye analo, nalo ndilo linalojaa mafuta mtu anapoota tumbo. Kwa hiyo waliolipa tumbo la mwanamume jina hilo hawakulitaja kwa umbo la nje tu. Walilitaja kwa kile kilichomo ndani. Sijui lugha nyingi zilizopata bahati hiyo.

Matabibu wa Ulaya walichelewa kufika mahali hapa. Kwa muda mrefu waliuona unene kuwa kitu kimoja cha kupimwa kwa mizani. Kile kipimo kinachotumiwa katika kila zahanati hadi leo, cha kuchukua uzani wa mtu kwa kilo na kuugawanya kwa kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe, kilibuniwa katika miaka ya 1830 na mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji aliyeitwa Adolphe Quetelet. Yeye hakuwa akitafuta wagonjwa. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani. Kipimo chake hakiulizi mafuta yako wapi mwilini. Hakiulizi hata kama ni mafuta au ni misuli.

Mnamo 1947 tabibu mmoja wa Marseille, Ufaransa, Jean Vague, alichapisha makala ambamo aliugawa unene katika namna mbili. Namna ya kwanza, ya mafuta yaliyorundikana tumboni na sehemu za juu za mwili, aliita ya kiume. Ya pili, ya mafuta yaliyokaa nyongani, makalioni na mapajani, aliita ya kike. Majina yake aliyatoa kwenye Kigiriki, kama ilivyo ada ya matabibu wanapotaka neno la kawaida lionekane la kisomi. Vague hakusema kwamba kila mwanamume ana namna ya kwanza na kila mwanamke ana ya pili. Aliwaona wanawake wenye matumbo na wanaume wenye nyonga. Alichosema ni kwamba unene wa namna ya kwanza ndio unaoandamana na kisukari, na kuharibika kwa mishipa ya damu, na jongo. Kwa karibu miaka 40 watu wengi hawakumtilia maanani.

Waliomrudisha ulingoni ni watafiti wa mji wa Gothenburg, Sweden. Wao waliwachukua wanaume 792 wenye umri wa miaka 54, wakawapima kiuno na nyonga mwaka 1967, kisha wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka 13. Matokeo yao kuhusu kisukari yalichapishwa mwaka 1985. Ilibainika kwamba ukubwa wa kiuno ukilinganishwa na nyonga ulitabiri nani ataugua, hata baada ya uzani wa mtu kuzingatiwa. Yaani katika wanaume wawili wa uzani mmoja na kimo kimoja, mwenye kitambi ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Kwa lugha ya mizani wawili hao walikuwa sawa kabisa. Kwa lugha ya mchinjaji hawakufanana hata kidogo.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu bila ya kuuelewa utaratibu huu mtu atadhani ni mambo ya bahati.

Mafuta mwilini ni akiba, nayo akiba inahitaji ghala. Mfikirie mkulima wa mahindi kule Trans Nzoia ambaye mavuno yake yamezidi. Akiwa na ghala kubwa, kavu, lililoinuliwa juu ya vigingi, mahindi yatakaa humo bila ya kumsumbua mtu. Akiwa na ghala dogo, litajaa mapema, na magunia yanayobaki yataingizwa sebuleni, yapangwe jikoni, mengine yasukumwe chini ya vitanda. Nyumba itajaa fukusi na panya, na wenyewe watakosa pa kupita. Huyu wa pili huenda ana mahindi machache kuliko wa kwanza. Taabu yake haikutoka kwenye wingi wa mavuno, imetoka kwenye udogo wa ghala.

Ghala zuri la mwili ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, na hasa yale ya nyonga, makalio na mapaja. Mwanamke ameumbwa na ghala kubwa zaidi. Msichana mwenye afya njema huwa na mafuta yapatayo robo ya uzani wake, ilhali kwa kijana wa kiume mwenye afya kiasi hicho huwa asilimia 15 hivi. Homoni ya estrojeni ndiyo inayoyaelekeza mafuta ya mwanamke kwenye nyonga na mapaja, na huko hukaa kwa ukaidi, kama akiba ya kulea mimba na kunyonyesha. Mwanamke mnyonyeshaji huanza kuyatoa mafuta hayo kwa wepesi ambao kabla ya hapo hakuwa nao. Kwa hiyo kile ambacho vijana wa mitaani hukifanyia mzaha, na ambacho wauzaji wa dawa za kukondesha hukitajirikia, ni stoo ya chakula cha mtoto.

Mwanamume hana stoo hiyo, au anayo lakini ndogo. Akila kupita mahitaji yake mafuta huanza kuingia ndani, kwenye lile pazia la tumboni. Na mafuta ya tumboni hayatulii kama yale ya chini ya ngozi. Huyeyuka upesi na kumwagika kwenye damu, na sehemu kubwa ya damu itokayo kwenye matumbo hupitia mshipa uendao moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta huacha kuisikia insulini, ambayo ndiyo homoni inayoliamuru lipunguze kumwaga sukari kwenye damu. Kongosho nalo, ambalo ndilo linalotengeneza insulini, hulazimika kuitengeneza kwa wingi zaidi na zaidi ili lisikike, mithili ya mwalimu anayepaza sauti katika darasa lenye kelele. Kuna siku sauti hukauka. Siku hiyo ndiyo tunayoiita siku ya kupata kisukari, ingawa kelele zilianza miaka mingi nyuma.

Wajuzi wawili wa Uingereza, Roy Taylor na Rury Holman, walieleza mwaka 2015 kwamba kila mtu ana kiwango chake cha mafuta anachoweza kukihimili, na akikivuka tu ataugua, hata kama kwa macho yetu si mnene. Maelezo hayo yanaafikiana na mambo mawili yanayojulikana, ambayo nadhani hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeyafurahia. La kwanza ni kwamba kuna watu wachache wanaozaliwa na kasoro inayowanyima mafuta ya chini ya ngozi. Tungetarajia wawe na afya kuliko sisi sote, ilhali wengi wao hupata kisukari kikali, kwa kuwa mafuta yao hayana pa kukaa ila katika ini na misuli. La pili ni jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2004. Wanawake 15 wanene walinyonywa kwa mashine mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, kiasi cha kilo 10 hivi kila mmoja. Walipopimwa baadaye, insulini yao haikufanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Ghala lilipunguzwa, lakini magunia yaliyokuwa jikoni yalibaki palepale.

Na je, tofauti hii ya jinsia inaonekana nje ya maabara? Inaonekana, tena waziwazi. Watafiti wa Scotland walichunguza rekodi za wagonjwa wapatao 95,000 wa kisukari cha aina ya pili, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Kwa kutumia kile kipimo cha Quetelet, walikuta kwamba mwanamume kwa wastani alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari alipokuwa na kipimo cha karibu 32, na mwanamke cha karibu 34. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi miongoni mwa vijana. Maana yake ni kwamba mwanamke hulazimika kunenepa zaidi ya mwanamume ili afike kwenye hatari ileile. Duniani kote, kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, wanaume waliozidi kidogo kwa kisukari ni wao: asilimia 10.8 ya wanaume wazima kwa 10.2 ya wanawake.

Tuje kwetu. Uchunguzi wa taifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulipata kwamba asilimia 38.5 ya wanawake walikuwa na uzani uliozidi kiasi, na asilimia 17.5 ya wanaume. Wanawake ni zaidi ya mara mbili. Basi kama unene wa jumla ndio ungekuwa mizani ya kisukari, tungetarajia wanawake wa Afrika waugue mara mbili ya wanaume. Lakini makadirio ya bara zima kwa mwaka 2014 yalikuwa asilimia 8.9 kwa wanawake na 8.5 kwa wanaume, ambayo ni karibu sawa. Anayelitazama pengo hilo la kwanza na ulingano huu wa pili ataona kwamba mwanamume wa Kiafrika, akiwa na uzani mdogo zaidi, anaugua karibu sawa na mkewe.

Hapa ndipo ninapomrudia yule muuguzi na kidole chake. Hakukosea kuwaita akina mama. Alikosea kuwaacha akina baba wakicheka. Kiswahili kilivitenganisha vitu viwili kwa usahihi wa kustaajabisha, unene na kitambi, kisha sisi wenye lugha tukavipa thamani kinyume. Unene wa mwanamke tumeufanya dhihaka. Kitambi cha mwanamume tumekifanya dalili ya mshahara, na mfanyakazi aliyepandishwa daraja huulizwa na wenzake mbona tumbo bado halijaonekana. Nimewahi kusikia mtu akipongezwa kanisani kwa ajili ya kitambi. Isitoshe, mwanamke hukutana na wahudumu wa afya kila apatapo mimba, hupimwa damu na mkojo, akaambiwa jambo. Mwanamume wa makamo hukutana nao siku aliyobebwa.

Lakini ningekuwa nimeandika uongo nusu lau ningekomea hapa, maana nawasikia wasomaji wangu wa kike wakianza kutulia vitini. Nyonga si hirizi. Estrojeni ni mlinzi wa muda: hedhi inapokoma, kwa kawaida karibu na umri wa miaka 50, mafuta huanza kuhama kutoka mapajani kwenda tumboni, na mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na kitambi hujikuta nacho bila ya kuongeza tonge. Zaidi ya hayo, mwanamke aliyepata kisukari wakati wa mimba, hata kama sukari ilirudi sawa baada ya kujifungua, huwa katika hatari ya kuupata ugonjwa wenyewe baadaye takriban mara 7 hadi 10 kuliko mwenzake ambaye hakuupata. Wengi huondoka hospitalini wamembeba mtoto na wamelisahau onyo.

Kuna hata jambo linalowatatiza watafiti wa Afrika Kusini. Wao wamegundua kwamba wanawake Waafrika wa huko, wakilinganishwa na wanawake Wazungu wenye uzani na kimo kama chao, wana mafuta machache zaidi ndani ya tumbo na mengi zaidi nyongani. Kwa hesabu ya ghala ilipasa wawe salama zaidi. Ajabu ni kwamba insulini yao hufanya kazi kwa udhaifu zaidi. Ghala, basi, si hadithi nzima, na anayeyasoma maandishi ya Ulaya na kuyavika mwili wa Mwafrika bila ya kuyapima upya anafanya kosa lilelile la mtu anayefundisha sarufi ya Kiswahili kwa vitabu vya Kilatini.

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba mwanamke akishaugua, ile nafuu yake hugeuka hasara. Mwaka 2014 ulichapishwa uchanganuzi wa tafiti 64 zilizohusu watu zaidi ya 850,000. Kisukari huongeza hatari ya maradhi ya moyo kwa jinsia zote mbili, lakini nyongeza hiyo kwa wanawake ilizidi ya wanaume kwa asilimia 44. Sababu mojawapo inayotajwa ni ileile tuliyoitaja: mwanamke husafiri umbali mrefu zaidi hadi kuufikia ugonjwa, akazidi kunenepa njiani, hivyo anapowasili huwa amechakaa zaidi. Kwa hiyo mwanamke anayekebehiwa kwa ajili ya mwili wake, akaona aibu kwenda zahanati, anapoteza muda ambao maumbile yalimpa.

Sasa mtu atauliza, mwenye kitambi atajuaje kama kimefika pabaya? Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipendekeza kiuno cha sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kama mpaka wa hatari, na kwa Waafrika likasema tutumie vipimo vya Wazungu hadi vyetu vitakapopatikana. Vyetu vilipoanza kupatikana vilileta utata mtamu. Katika jamii moja ya mashambani huko Afrika Kusini, mwaka 2011, mpaka ulionekana kuwa sentimita 86 kwa wanaume na 92 kwa wanawake, yaani kinyume kabisa cha mpangilio wa Ulaya: mwanamume ndiye aliyepaswa kuogopa mapema. Uchanganuzi mwingine uliojumuisha Waafrika zaidi ya 24,000 ulipata sentimita 81 hivi kwa jinsia zote mbili. Wajuzi wangali wanajadiliana. Lakini katika hesabu zote mbili za Kiafrika, yule mwanamume anayejidai kwa sababu hajafika 94 amekwisha kuupita mpaka zamani.

Kwa matumizi ya nyumbani iko njia isiyohitaji mizani wala hesabu, nayo hata mamlaka ya afya ya Uingereza iliikubali mwaka 2022. Chukua uzi mrefu sawasawa na kimo chako, ukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni. Nusu hiyo ikikuzunguka na ncha zikakutana, kiuno chako hakijapita nusu ya kimo chako. Zisipokutana, nenda ukapimwe sukari kabla ya kula chochote asubuhi. Walimu wa hisabati na wa sayansi wanaweza kulifanya hili darasani, kwa wavulana na wasichana sawasawa, bila ya kumtaja mtu uzani wake mbele ya wenzake. Ningependa pia wale wanaokitumia kipindi cha mazoezi ya viungo kumalizia mtaala wa masomo mengine waikumbuke aya hii, ingawa najua kwa nini wanafanya hivyo, na najua ni nani anayewasukuma.

Kupimwa si jambo dogo kwetu. Ule uchunguzi wa mwaka 2015 ulipochanganuliwa, ilionekana kwamba Wakenya wasiofika nusu ya waliokuwa na kisukari ndio waliojua kwamba wanacho. Kwa usahihi walikuwa asilimia 43.7. Waliobaki walikuwa wakienda kazini, wakinywa chai ya vijiko vitatu na mandazi saa nne, wakicheka wanene. Na kujua mapema kuna faida kubwa, maana kitambi, kwa ubaya wake wote, ni mafuta yanayoyeyuka upesi kuliko ya nyonga. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, walipopunguza asilimia 7 hivi ya uzani wao na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58. Mwaka 2017 Taylor na mwenzake wa Glasgow, Michael Lean, walionyesha kwamba hata waliokwisha kuugua, kwa muda usiozidi miaka sita, karibu nusu yao waliweza kurudi kwenye sukari ya kawaida bila ya dawa baada ya mwaka mmoja wa kupunguza uzani chini ya usimamizi. Walianza kwa kulitoa ini mafuta yake.

Mwenzangu alipotoka hospitalini nilimtembelea kwake. Mkewe, ambaye ni mmoja wa wale akina mama watatu wa viti vya nyuma, alituandalia uji wa wimbi usio na sukari, akatuacha tuzungumze. Nilimweleza habari za uzi. Akaagiza uletwe mmoja kutoka kwenye kikapu cha ufumaji cha mkewe, lakini hakutaka kujipima yeye. Alisema wake umekwisha kupimwa na madaktari. Akanitaka mimi nisimame. Alinipima kimo kutoka kisigino hadi utosini, akaukunja uzi, akanizungusha kiunoni akiwa ameketi kitini na mguu wake umefungwa bendeji. Ncha zilibaki zimeachana kwa upana wa vidole vitatu.

"Cheo hicho, Daktari," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda zahanati bila ya kunywa chai. Muuguzi aliyenitoboa kidole aliutazama mshtuko wangu kwa subira ya mtu aliyezoea. Tarakimu iliyotokea ilikuwa 6.3. Akaniambia kisukari huanzia 7, kwa hiyo bado sijakipata, ila nimesimama mlangoni. Kisha akaandika tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, akaniuliza kama ule uzi niliomweleza bado ninao.

Ninao. Uko kwenye droo ya meza ninayoandikia, na tarehe yenyewe ni Jumanne ijayo.